Mapigo Yasiyopatikana Kinenani

Kichanga huyo wa kike aliletwa wadini kwetu, Dar es Salaam, akiwa na umri wa takriban wiki moja, rangi yake ya kijivu, miguu baridi, na mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi. Mama yake alieleza kwamba alizaliwa akilia vizuri, akanyonya, wakaruhusiwa kwenda nyumbani, na kwamba alianza kukataa ziwa usiku uliotangulia tu. Maelezo ya namna hiyo humfanya daktari afikirie kwanza maambukizi kwenye damu, na antibaiotiki zilianzishwa mara moja, kama inavyopasa. Ndipo sista wa zamu, ambaye vidole vyake naviamini kuliko mashine nyingi, aliponiita: "Daktari, mkononi nayapata mapigo, kinenani siyapati."

Mtoto wa hali ile angeweza kufia njiani kuelekea chumba cha vipimo, hivyo nilisogeza mashine ndogo ya altrasaundi hadi kitandani, nikapasha jeli joto viganjani na kuanza kupima chini ya kifua. Aota ya tumboni (aota ni ateri kuu, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini), ambayo kwa kawaida hudunda waziwazi, ilipitisha damu kwa mkondo hafifu usio na mdundo. Nilipopima juu ya kidari, niliona tao la aota likibana ghafla baada tu ya kutoa ateri ya mkono wa kushoto, na chemba ya kushoto ya moyo ikisukuma kwa taabu. Mfereji wa ateri, ambao kabla ya kuzaliwa huiunganisha ateri ya mapafu na aota na kwa kawaida hujifunga katika siku za mwanzo za maisha, ulikuwa umebaki mwembamba kama uzi. Ulipokuwa wazi uliilisha nusu ya chini ya mwili, ndiyo maana mtoto alitoka hospitali akionekana mzima.

Tulipunguza maji ya dripu na kuanza prostaglandini E1, dawa inayoufungua mfereji huo lakini inayoweza pia kusimamisha pumzi. Sista alikaa kando ya kitanda, mfuko wa kupumulia ukiwa tayari. Hapo ndipo altrasaundi ya kitandani iliponipa kile ninachoithamini kwacho hadi leo: haichukui nafasi ya bingwa wa moyo, lakini iliniwezesha kurudia kupima usiku ule bila kumhamisha mtoto, nikauona mfereji ukipanuka kabla hata miguu haijapata joto. Baadaye nepi ililowa mkojo, na sote tuliokuwa pale tulifurahi sana.

Mama aliniuliza kama chanzo kilikuwa kitu alichokula akiwa mjamzito. Nilimwambia, "Hapana, mama, hukumdhuru mwanao," nikamwonyesha kwenye kioo mahali palipobana. Asubuhi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilikubali kumpokea kwa maandalizi ya upasuaji, akasafirishwa dawa ikiendelea kuingia mshipani.