Herufi Nne za Jina la Mtu

Juzi mpwa wangu kanipigia simu analalamika. Kompaila ya Rust, chombo kinachokagua programu za lugha hiyo na kuzigeuza ziwe za mashine, imemkatalia programu yake tangu asubuhi, eti anagusa kumbukumbu ambayo si yake tena. "Shangazi, nyie zamani mliwezaje?" Nikacheka. Sisi hatukuwa na wa kutukatalia.

Ikanijia ile kazi ya ada za bima, Nairobi, miaka ya themanini. Programu ya asembla, lugha iliyo karibu kabisa na amri za mashine, kwenye mashine ya IBM, imekwenda miaka bila shida, usiku mmoja ikaanguka kwa kosa la S0C7: imepewa namba isiyo namba. Asubuhi nikakuta dampo mezani, yaani chapa ya kumbukumbu ya programu kama ilivyokuwa ilipoanguka, na Mzee, mkongwe wa ofisi yetu, keshavaa miwani.

Tulianzia pale ilipoangukia, kwenye amri ya AP, ile ya kujumlisha desimali zilizopakiwa: namba zinazohifadhiwa tarakimu mbili kwa kila baiti, na alama ya chanya au hasi mwishoni. Amri yenyewe haikuwa na kosa. Tukaifuata rejista ya msingi, inayoshika anwani ya kuanzia, hadi kwenye rekodi ya mteja, Mzee akihesabu baiti kwa sauti, ncha ya penseli ikigusa kila moja. Mahali pa ada, palipopaswa kuwa na tarakimu tupu na C ya chanya mwishoni, pamekaa baiti nne, D4C1D5C9 kwa tarakimu za msingi wa kumi na sita. Nikazikodolea macho. Kisha nikatazama safu ya kulia, ambako dampo huchapa baiti hizo hizo kwa herufi za kusomeka: MANI.

"Binti, hiyo si ada," Mzee akasema. "Huyo ni mtu."

Jina lilikuwa na herufi 28, nafasi yake 24; nne za mwisho zikamwagikia kwenye ada. Aliyeandika programu alitumia EX, amri ya kuendesha amri nyingine, ili MVC, amri ya kunakili baiti, ichukue urefu kutoka kwenye rejista, na MVC huhamisha hadi baiti 256 bila kuuliza zinaangukia wapi. Ufunguo wa ulinzi wa kumbukumbu nao ulinyamaza, maana kazi yake ni kukuzuia usivamie kwa jirani. Ndani mwako vunja utakavyo.

Mzee akapiga hesabu pembeni mwa karatasi. Kama ada ingehifadhiwa kibainari, ambamo kila mpangilio wa biti ni namba halali, baiti hizo nne zingesomeka kuwa hasi milioni 725 na ushee, na mashine ingezijumlisha bila kinyongo. Hakuna ambaye angeamshwa usiku. Tulipona kwa sababu kuna mtu, zamani, alichagua desimali, na sidhani alikuwa akituwazia sisi.

Dawa ilikuwa amri tatu: linganisha urefu na 23 (MVC huanza kuhesabu na sifuri), ukizidi, ukate. Bosi akataka kujua kosa ni la nani. Mzee hakusita: anayeandika EX ndiye anayepaswa kupima kwanza, basi. Mimi sikuwa na hakika, na bado sina. Programu ilipoandikwa, fomu ya mteja ilikuwa na visanduku 24. Aliyeviongeza alikaa ofisi nyingine, na EX hakuijua ni mdudu gani.

Tulizitafuta EX zote katika programu nyingine. Nyingi tukaziwekea kipimo. Chache bosi alisema zisiguswe, kwa kuwa hakuna aliyebaki anayejua zinategemewa na nini, na mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia.