Tulivyowafungia wawindaji mageti, shamba kwa shamba

Nikisema napinga kuwinda kulungu kwa mbwa, watu wengi hapa Uingereza huniuliza: si mambo hayo yalipigwa marufuku zamani? Kweli, sheria ipo. Ilipitishwa 2004 licha ya Malodi, yaani baraza la juu la Bunge, kuikataa, ikaanza kutumika England na Wales tarehe 18 Februari 2005. Lakini ina mianya. Mmoja unaruhusu mbwa wasiozidi wawili, mradi mwenye mbwa aseme anafanya utafiti na uchunguzi juu ya mnyama. Kwa hiyo huku Somerset magharibi, msimu ukifika, utakuta farasi wamejipanga barabarani, pikipiki za magurudumu manne, magari yamejaa watu wenye darubini na chupa za chai, na mbwa wawili wakichoka wanapokewa na wengine wawili. Ni utafiti gani huo unaohitaji watazamaji, sijapata wa kunieleza.

Mimi ni Mtaita wa Kenya, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na nyumba tunayopanga iko pembezoni mwa kijiji, chini ya vilima. Msako niliuona kwa karibu Novemba, msimu wa majike. Kulungu alitokea nyuma ya ua wetu mdomo wazi, ulimi nje, matope yamempanda hadi tumboni. Aliruka seng'enge, mguu wa nyuma ukanasa, akajichomoa na kuteremka kijitoni. Nikategemea mbwa wawe wanamkanyaga visigino. Wapi! Walifika baadaye kabisa, pua chini, wanabweka bila papara. Kulungu anawashinda mbio mbwa hao, ila hawamwachi. Wanamfuata mpaka miguu imkatae, asimame majini au kichakani, ndipo mtu mwenye bunduki asogee kumpiga.

Nilianza kusoma. Profesa Patrick Bateson wa Cambridge aliombwa na National Trust, shirika linalomiliki maeneo makubwa ya ardhi nchini humu, achunguze hali ya kulungu wanaosakwa. Ripoti yake ya 1997 ilisema msako kwa wastani huchukua kama saa 3 na kilomita 19, na misuli ya mnyama huwa imeishiwa kabisa na sukari ya akiba. Shirika halikungoja Bunge. Lilifunga ardhi yake kwa wawindaji wa kulungu mwaka huo huo, karibu miaka 8 kabla ya sheria kuanza kazi.

Hapo ndipo nilipopata njia. Wenzangu kwenye kampeni walikuwa wakipeleka barua kwa mbunge na kupiga video wakiwa kwenye njia za umma, na kazi hiyo ni muhimu. Kesi ya Bristol ya 2007, ambapo wawindaji wawili wa kulungu walikutwa na hatia, ilifunguliwa na shirika la League Against Cruel Sports, siyo serikali. Lakini kesi ni ghali, na sheria yenyewe inatoa faini tu, hakuna kifungo. Geti ni la mwenye shamba. Akisema hapana, ni hapana.

Mamangu aliposikia kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, umeenda huko kulea wazee au kulea swara?" Nikamkumbusha kwamba kwetu uwindaji umekatazwa tangu 1977, na kijana wa Taita akikutwa na nyama ya digidigi, hata kama ni ya kulisha watoto, anaweza kwenda ndani. Hawa wa huku wana farasi na koti za rasmi, na nyama si shida yao. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huko kuna baridi.

Wa kwanza kumwendea alikuwa mama mmoja mfugaji, jirani yetu, mjane. Nilijua habari za huruma hazitamfikisha popote. Kulungu wanamlia majani na kumvunjia ua, na kila mwaka anamwita mtu mwenye leseni ya bunduki aje apunguze idadi. Sikumpinga hata kidogo. Risasi moja ya mtu anayejua kazi yake ni jambo jingine kabisa. Nilimuuliza juu ya kondoo wake. Akaweka birika chini, akaanza kuhesabu kwa vidole: geti lililoachwa wazi, kondoo wenye mimba walioswagwa na mbwa hadi kona ya shamba wakalaliana, alama za magurudumu kwenye shamba la ngano changa. Alishalalamika kwa mdomo. Kila mara aliombwa radhi kwa heshima zote, na msimu uliofuata wakarudi.

Kwa hiyo tukaandika. Barua ya kukataza haihitaji maneno makali, inahitaji kutobakiza mwanya. Tulitaja mbwa, farasi, magari na wafuasi, kila kimoja kwa jina, maana ukisema "uwindaji" tu watakuambia hawakuwa wakiwinda. Tuliambatisha ramani yenye mipaka iliyochorwa kwa wino mwekundu, tukaipeleka kwa posta ya kusainiwa, nakala moja kituo cha polisi. Kuingia shamba la mtu kwa kawaida huku ni suala la madai, polisi hawaji mbio kwa hilo. Ila ukiwa na barua, na tarehe za kila walipoingia, unaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya kuwazuia.

Jambo jingine ambalo lazima uulize mapema ni kama mkulima ana ardhi yake au amekodi. Katika mashamba mengi ya kukodi, mkataba humwachia mwenye ardhi haki ya uwindaji, na saini ya mpangaji peke yake haitoshi. Shamba moja zuri sana, lenye kijito chote, lilitukwama hivyo hadi mwenye ardhi, anayeishi London, alipokubali kwa baruapepe ya mistari miwili.

Huyo mama mjane ndiye aliyetupeleka kwa wengine. Mimi ningegonga mlango, wangemwona mgeni mweusi wa mjini anayekuja kuwafundisha mambo ya shamba. Yeye anagonga kama mtu aliyezaliwa mtaa huo, na anaanza na bei ya kondoo. Mashamba yaliyopakana na kijito sasa yamefungwa kwa mfululizo, na kulungu hukimbilia majini, kwa hiyo kikundi cha wawindaji kimelazimika kuhamisha misako yake upande mwingine wa kilima.

Upande huo una vijiji vyake, na wakulima wawili wa huko wameshaomba nakala ya barua yetu. Kulungu dume huanza kusakwa Agosti. Tunataka ramani zao ziwe zimeshafika posta kabla ya hapo.