Rafiki wa Radha

Wiki ya pili sasa, nikishamaliza vyombo vya usiku, nafungua picha ileile kwenye simu. Ni ukurasa wa Gita Govinda, shairi la mapenzi la Wahindu, uliochorwa Mewar, Rajasthan, India. Siku ya kwanza nilihesabu wanawake wengi, kumbe mmoja karudiwa: nguo zilezile, shela lilelile. Ni sakhi, rafiki wa Radha, yule msichana anayempenda Krishna. Upande mmoja kamwinamia Radha, anamsikiliza. Upande wa pili yuko mbele ya Krishna, yule mungu wa bluu, mkono kaunyoosha, anamweleza. Kati yao ni miti tu, imechorwa jani kwa jani. Jicho langu ndilo linalotembea pale, na kila nikitembea naona alivyochoka.

Shairi lenyewe ni la Kisanskriti, la Jayadeva, karne ya 12. Krishna anacheza na wasichana wengine wachunga ng'ombe, Radha anajitenga kwa uchungu, mwisho wanapatana. Lakini sehemu kubwa ni kungoja, na mchoraji kaugeuza muda wa kungoja kuwa nafasi kwenye karatasi.

Kule milimani Guler, kaskazini mwa India, mchoraji Manaku alilichora shairi hilohilo mwaka 1730 kwa njia nyingine: karatasi baada ya karatasi, kila moja na tukio lake. Karatasi hizo zilishikwa mkononi, moja moja. Huwezi kuruka ukafika kwenye kukumbatiana.

Mimi na mume wangu, kabla ya ndoa, tuliwahi kununiana miezi mitatu. Yeye Muscat, mimi Tanga. Aliyekuwa akija ni wifi yangu. Alikuwa anakaa kwenye mkeka, anafungua fundo kwenye pindo la khanga, anatoa barua imeloa jasho lake. Hakuwa anaondoka mpaka nijibu. Nakumbuka vizuri zaidi lile fundo, na vidole vyake vikihangaika nalo, kuliko maneno ya barua. Halafu anarudi kwao kwa miguu, jua la saa nane.

Sikuwahi kufikiria alikuwa anawaza nini njiani.

Katika shairi, Radha akishaingia kichakani kwa Krishna, marafiki wanaondoka. Leo nimeirudia beti hiyo mara mbili. Wifi sijampigia tangu Idi.