Shilingi sita kwa wiki

Shuleni nilikariri sababu tatu za Waingereza kwenda kutawala nchi za watu: malighafi, masoko, na mahali pa kuwekeza mitaji. Kwenye mtihani niliziandika zote na nikapata alama zangu. Sasa naishi Dorset, kusini mwa Uingereza, kazi yangu ni kutunza wazee, na siku moja ya mapumziko nilikwenda kukitazama kijiji cha Tolpuddle. Nilipokuwa pale ndipo nilipong'amua: zile zilikuwa sababu za serikali na matajiri. Mtu wa kawaida aliyefunga mzigo wake akapanda meli alikuwa na sababu zake, na hizo hatukufundishwa.

Katikati ya kijiji kuna mti mzee, umri wake umepita miaka 300. Inasimuliwa kwamba vibarua wa mashamba walikuwa wakikutana chini yake. Nilikaa pale muda mrefu nikipiga hesabu zao. Kibarua alikuwa akilipwa shilingi 9 kwa wiki (jina la hela yetu Afrika Mashariki limetoka huku huku). Wenye mashamba wakazishusha zikawa 8, halafu 7, kisha wakatangaza kwamba zitakuwa 6. Miaka ya nyuma mtu maskini aliweza kufuga ng'ombe wake mmoja na kuokota kuni kwenye ardhi ya wote. Lakini Bunge lilikuwa limepitisha sheria nyingi za kuzungushia uzio ardhi hizo, na sehemu kubwa ikaishia kwa wenye mashamba makubwa. Kwa hiyo ujira ukipungua, hakuna pa kujishikiza. Mimi nimeacha watoto kwa mama yangu kwa sababu ya mshahara, na hesabu hiyo sihitaji kufafanuliwa.

George Loveless, kibarua na mhubiri wa Kimethodisti, akaanzisha chama cha wafanyakazi na wenzake ili kutetea ujira wao. Walikutana chumba cha juu nyumbani kwa Thomas Standfield. Mwanachama mpya alifungwa kitambaa machoni, akapigishwa magoti, akifunguliwa anaona picha ya kiunzi cha mifupa, kisha anaapa kutunza siri. Kuwa na chama halikuwa kosa kisheria, basi kosa likatafutwa kwenye kiapo. Machi 1834 Loveless na wenzake watano walihukumiwa kupelekwa Australia kwa miaka 7.

Waliopelekwa huko kama wafungwa, kati ya 1788 na 1868, ni takriban 162,000. Wengi wao walikuwa wezi wa vitu vidogo vidogo. Kabla ya hapo wafungwa walikuwa wakitupwa Marekani, mpaka Wamarekani walipopigania uhuru wao na mlango huo ukafungwa.

Uskoti nako, adui alikuwa kondoo. Wenye ardhi wa nyanda za juu waliona sufu ina faida kuliko kodi ya wapangaji, wakawaondoa watu mabondeni. Huko Strathnaver, mwaka 1814, nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Mwaka mmoja kabla yake, watu wa bonde la Kildonan walikuwa wameshaanza safari ya kwenda Red River, mahali ulipo leo mji wa Winnipeg, Kanada. Mpaka sasa kuna sehemu ya mji huo inayoitwa Kildonan. Hapo moyo wangu unagawanyika. Nawalilia waliochomewa nyumba, lakini ardhi waliyokwenda kulima ilikuwa na wenyewe tayari.

Na lipo jambo jingine lililoninyima usingizi. Nauli ya Australia ilikuwa kubwa kuliko ya Marekani, kibarua wa shilingi 7 asingeiweza hata kidogo. Kuanzia miaka ya 1830 serikali ikawa inauza ardhi ya Australia kwa wenye fedha, kisha mapato hayo yakatumika kuwalipia nauli maskini wa Uingereza ili wakawe wafanyakazi kwenye ardhi hiyo hiyo. Wenyeji wa Australia hawakuuza kitu, wala hawakuulizwa. Maskini wa upande mmoja alisafiri kwa mali ya maskini wa upande mwingine, na sidhani wengi wao walijua.

Wale sita wa Tolpuddle walisamehewa mwaka 1836, baada ya watu wengi kuandamana London na kutia saini ombi. Walirudi kwa nyakati tofauti wakapokewa kama mashujaa. Nilitegemea simulizi iishie hapo. Lakini miaka ya 1840 watano kati yao, akiwemo Loveless, walipanda meli tena na familia zao, safari hii kwa hiari, wakahamia Ontario, Kanada. Ushujaa haukuwapa ardhi. Loveless alizikwa huko huko.

Aliyebaki ni James Hammett. Alirudi Tolpuddle akafanya kazi za ujenzi, uzeeni akapofuka, akaingia mwenyewe kwenye nyumba ya maskini ya Dorchester asiwe mzigo kwa familia yake. Alifia humo mwaka 1891. Kaburi lake liko uwanjani kwa kanisa la Tolpuddle, nami nilisimama mbele yake mpaka mvua ikaanza kunyesha, nikiwafikiria wazee ninaowaogesha kila asubuhi.