Shukrani kwa waliolibeba onyesho letu la sanaa

Onyesho la pamoja la wasanii wa Afrika Mashariki tuliloliandaa hapa Arusha limefungwa salama, na nikiwa mmoja wa waratibu naona ni wajibu wangu kuwashukuru kwa maandishi wote waliolifanikisha.

Wa kwanza ni wasanii wenyewe, waliokubali kutengana na kazi zao bila uhakika wa kuuza hata moja. Kutoka Dar es Salaam tulipokea vinyago vya mpingo vya Wamakonde pamoja na michoro ya warithi wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Kutoka Masaka, Uganda, kilikuja kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho utengenezaji wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa hazina ya urithi wa binadamu. Kutoka Kirehe, mashariki mwa Rwanda, zilikuja mbao za imigongo, yaani mapambo ya kijadi yenye maumbo yaliyoinuka, ambazo matuta yake hufinyangwa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu.

Matuta hayo yakigongwa kidogo tu humeguka. Kwa hiyo namshukuru kwa namna ya pekee seremala aliyetengeneza masanduku yenye sponji kila pembe, na dereva aliyeyaleta kutoka Rusumo, mpakani na Rwanda, kwa mwendo wa pole njia nzima, hata hatukuona ufa hata mmoja tulipoyafungua. Mzee wetu mchongaji alitukataza kuvitoa vinyago siku vilipofika, kwa kuwa mpingo uliozoea unyevu wa pwani ukikutana ghafla na hewa kavu ya huku juu huweza kupasuka; tulimsikiliza, tukaviacha vipumzike ndani ya masanduku. Mama aliyekileta kitambaa cha gome alikizungusha kwenye bomba la plastiki badala ya kukikunja, maana penye mkunjo ndipo panapoanza kuchanika. Wakala wetu wa forodha pale Mutukula, mpakani na Uganda, naye alishughulikia kwa uvumilivu mkubwa hati za mali inayoingia kwa muda na kurudi kwao.

Kutoa ni moyo, na wafanyabiashara wa mjini walituonyesha hivyo: kuna aliyetukopesha taa, kuna aliyelisha wajitoleaji kila mchana. Wafadhili wa nje waliolipia bima nawashukuru kwa dhati, ila naamini kwamba onyesho la kanda hii lapaswa kusimama kwanza juu ya mabega ya watu wa kanda hii, na safari hii lilisimama.

Nawashukuru pia walioandika maelezo ya ukutani kwa Kiswahili chepesi, pamoja na walimu walioleta wanafunzi wao na kuwaacha waulize maswali hadi wakaridhika. Fedha za kazi zilizouzwa zimeshawafikia wasanii, na kazi zilizosalia zinafungwa wiki hii na seremala yuleyule.