Nyenje wa kulisha vyura: ninavyowazalisha nyumbani Fuoni

Kwetu Fuoni ukisema unafuga chura, watu wanakuona una lako jambo. Mimi nasomesha baiolojia skuli ya sekondari, na vyura wangu watatu, wale wakubwa wa kawaida wenye mgongo wa vipele, nawafuga kwa kuwa nawapenda na kwa kuwa wanafunzi wangu wengi hawajapata kumtazama chura ila kwa kumrushia jiwe. Chura mwenyewe hana kazi. Kazi ni tumbo lake: anakula kinachojongea, na kisichojongea kwake si chakula.

Mwanzo nilikuwa nawaokotea wadudu kwenye taa ya uani. Masika wanajaa tele. Ikija kaskazi, taa inawaka bure. Na mdudu wa nje hujui katoka wapi, pengine jana alikuwa kwenye mchicha uliopigwa dawa. Akili ya kuzalisha niliipata nikisomesha habari za vyura wa Kihansi, wale wadogo wa maporomoko ya mto Kihansi, Tanzania bara. Mwaka 2000 walichukuliwa baadhi wakapelekwa Marekani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini wametoweka, 2010 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa kwao. Muda wote huo kuna mtu alikuwa akihangaika na wadudu wa kuwalisha. Nikasema, watatu wangu hawatanishinda.

Mbegu niliipata nyuma ya nyumba, chini ya makuti yaliyooza: nyenje weusi wenye mabaka mawili ya manjano penye shina la mabawa. Jike humkosei, ana mrija wa kutagia nyuma, umenyooka kama shazia. Hao wa porini sikuwapa vyura. Niliwaacha watage, nikalisha watoto wao.

Maelekezo mengi ya ufugaji huu yameandikwa na watu wa nchi za baridi, kwa hiyo yamejaa taa za joto na vipimajoto. Nyenje anataka nyuzi 28 hadi 32, na hizo Unguja tunazo bila ya kulipia umeme. Kipupwe tu ndipo mayai huchelewa kidogo. Kinachomaliza nyenje huku ni unyevu. Masika ukuta wa kasha unatoka jasho, chakula kinaota ukungu usiku mmoja, na utitiri unaanza kutambaa kwenye pumba kabla hujajua umeingilia wapi.

Kwa hiyo kasha langu karibu lote ni wavu. Ni kasha la plastiki la kuwekea nguo; nimelikata mfuniko na mbavu mbili kwa kisu cha moto, nikaziba kwa wavu wa chuma. Ule wa plastiki wanautafuna. Ndani sitandiki mchanga wala chochote. Nasimamisha trei za mayai wima, kinyesi kinaanguka chini, nafagia. Chakula ni cha vifaranga vya kuku, kidogo kidogo kwenye mfuniko wa chupa, na wakati wa mvua nakibadilisha kila siku hata kama hakijaisha. Bakuli la maji siweki kabisa, maana wadogo wanazama hata kwenye tone. Wanapata maji yao kwenye kipande cha tango, karoti au boga, nacho hutolewa kabla hakijaanza kuteleza. Wakikosa maji au wakibanana sana, wanaanza kulana.

Kutagia nawapa kopo la aiskrimu lililojaa vumbi la makumbi. Hapa pana jambo la kuangalia. Makumbi mengi yanayopigwa usumba upande wa Paje na Jambiani yamefukiwa pwani miezi kadhaa, na vumbi lake lina chumvi. Natumia makumbi makavu ambayo hayajaingia baharini, nayatwanga, naloweka maji ya mvua, kisha nakamua mpaka yasidondoshe tena. Kopo likikaa na wakubwa siku mbili tatu, nalihamishia kasha jengine, la sivyo watayafukua mayai wayale. Baada ya siku 10 hadi 14, asubuhi moja unakuta vumbi lote linatikisika: vijinyenje vya milimita 2, vimeshaanza kuruka. Wiki sita hadi nane wanakuwa wazima, wanajivua ngozi mara nyingi njiani. Aliyetoka kujivua ni mweupe pepe na laini, na vyura humpenda huyo kuliko wote.

Sisimizi dawa yao ni miguu ya meza kusimama ndani ya makopo ya maji ya sabuni. Mijusi kafiri hukaa juu ya wavu usiku kucha wakitazama, hawapati kitu. Hatari kubwa kuliko hao ni dawa ya mbu. Ya kuchoma au ya kupuliza, nyingi zina pairethroidi, sumu ya kuulia wadudu, na hiyo haibagui mbu na nyenje. Chumba chenye kasha hakiwashwi dawa, sote tunalala chandaruani. Wakija wapiga dawa za malaria majumbani, kasha linahamia kwa jirani.

Na jirani huyo ndiye aliyenijia siku moja, bibi mtu mzima. "Mwanangu, hao wadudu wako wanalala saa ngapi?"

"Shikamoo bibi. Wanaolia ni madume tu, nitawapunguza."

"Marahaba. Wapunguze basi, maana nasali usiku na wao wanashindana nami."

Dume hulia kwa kusugua bawa juu ya bawa, na dume moja kwa majike matatu au manne linatosha. Tangu siku hiyo lenye kelele zaidi ndilo linalotangulia kwa vyura.

Kulisha kwenyewe kuna masharti mawili matatu. Nyenje ana madini ya chokaa (kalisi) kidogo mno, na chura asiyepata chokaa mifupa hulainika, akashindwa hata kuruka. Basi siku moja kabla nawashibisha nyenje karoti na matembele, kisha nawatikisa kwenye mfuko wenye unga wa ule mfupa mweupe wa dome, yule jamaa wa pweza, unaookotwa pwani, nilioukosha chumvi, nikauanika na kuusaga. Nyenje asizidi upana wa kati ya macho mawili ya chura. Wakisalia, nawatoa usiku huohuo, kwani nyenje mwenye njaa humng'ata chura aliyelala. Vyura wazima mara mbili au tatu kwa wiki inawatosha.

Siku hizi wananizidi, wengine wanakwenda kwa kuku wa bibi. Kopo moja la mayai nilimpa mwalimu mwenzangu wa Wete, Pemba. Lilivuka kwa boti, limefungwa kitambaa badala ya mfuniko, nikamwambia asiliweke juani na alinyunyizie maji kila likianza kukauka juu. Wametotoa. Sasa ananiuliza atapata wapi vyura.