Khajuraho: panga siku kwa jua

Mahekalu ya Khajuraho, katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India, yalijengwa na wafalme wa Chandela, mengi yake kati ya 950 na 1050. Karibu yote yanatazama mashariki. Kwa hiyo ingia kundi la mahekalu la magharibi, lenye kulipiwa kiingilio, alfajiri lango linapofunguliwa, mwanga ukiwa bado unapenya kumbini. Adhuhuri jua la utosini hufuta vivuli, sanamu zikaonekana bapa, na jiwe huunguza nyayo. Viatu huvuliwa, basi beba soksi.

Anza na hekalu la Lakshmana, lenye maandishi ya mwaka 954. Usikimbilie ndani. Panda jukwaani, uzunguke hekalu likiwa kuumeni kwako, kama wafanyavyo waumini. Tazama chini kwanza, kwenye msafara wa askari, farasi na tembo, kisha upandishe macho kwa miungu. Wengi husaka sanamu za mapenzi tu, ambazo ni sehemu ndogo sana, wakaikosa kazi yenyewe.

Hekalu la Kandariya Mahadeva, kundi hilohilo, lina urefu wa mita 31 hivi. Lisogelee polepole: vilele vidogo 84 vimepandana kuelekea kilele kikuu, na ukiwa karibu mno huvioni. Mawe hayakuunganishwa kwa chokaa, bali kwa ulimi na tundu, kama seremala aungavyo mbao, na uzito wenyewe ndio unaoyashika. Usiegemee wala usikwee.

Mahekalu ya Wajaini, waumini wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe hai, yako kundi la mashariki, mwendo mfupi wa bajaji. Ibada inaendelea, kwa hiyo acha nje mkanda na mkoba wa ngozi. Kwenye ukuta wa Parshvanath, hekalu la Kijaini, utawaona Vishnu, Rama na Sita, miungu ya Kihindu. Hapa ndipo penye thamani kubwa kuliko pote, maana dini mbili zimekutana kwenye jiwe moja. Mlangoni tafuta mraba uliochongwa namba kumi na sita ndani yake. Mstari wa juu ni 7, 12, 1, 14, na kila mstari, wima, mlalo au mshazari, hujumlisha 34.

Jioni nenda kusini, kwenye hekalu la Chaturbhuj. Patana na dereva akusubiri. Hili linatazama magharibi, na jua la kuchwa huingia moja kwa moja hadi kwenye sanamu yake ya karibu mita 2.7.